Tovuti ya Ofisi Haifunguki: Kusoma Dalili Kabla ya Kuigusa Seva

Simu ya kwanza ya asubuhi hutoka masjala. Mama wa makamo anayetunza majalada huniambia, "Mwanangu, ule ukurasa wako leo umegoma tena." Humwamkia kwanza, akaitikia marahaba, kisha nikamuuliza swali lile lile la kila siku: "Mwenzako wa meza ya pili anauona?" Jibu lake huniokolea nusu saa ya kazi. Kama mwenzake anauona, seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ni nzima na sina haja ya kupanda ngazi hadi chumba cha seva. Kama mwenzake pia hauoni lakini wahasibu wa chini wanauona, shida iko kwenye waya au swichi ya ghorofa ile, yaani kifaa kinachounganisha waya za mtandao. Kama hakuna hata mmoja anayeuona, hapo ndipo seva inapostahili kuguswa.

Mwongozo huu unawahusu wanaotunza tovuti ya ndani, yaani ile inayofunguka kwenye kompyuta za ofisi tu, yenye matangazo, fomu za likizo, orodha ya simu za idara na nyaraka za kazi. Hapa Visiwani mtunzaji huyo mara nyingi ni mtu mmoja, ambaye pia hutengeneza printa na kuwafundisha wafanyakazi wapya kutumia barua pepe, na aghlabu seva iko Unguja ilhali baadhi ya watumiaji wako Chake Chake, Wete au Mkoani. Nimeshuhudia watu wenye ujuzi mzuri wakiharibu mambo kwa pupa ya kuizima na kuiwasha seva kabla hawajajua ni nani anayelalamika. Kuiwasha upya seva kunapoteza ushahidi wa kilichokuwa kikiendelea, kunawatoa waliokuwa katikati ya kujaza fomu, na mara nyingi hakutibu kitu, kwa kuwa ugonjwa haukuwa huko.

Mtu mmoja analalamika peke yake

Anza na kile alichokiandika kwenye upau wa anwani. Tovuti nyingi za ndani hupewa jina fupi la neno moja, tuseme "ofisi", na kivinjari cha kisasa kikikutana na neno lisilo na nukta hulidhania kuwa ni jambo la kutafutwa kwenye intaneti, kikalipeleka Google badala ya kulipeleka kwenye seva. Mtumiaji huona orodha ya majibu asiyoyaelewa na huamini kwamba tovuti imeondolewa. Mwambie aweke mkwaju mwishoni mwa jina, "ofisi/", au aanze na "http://". Dawa ya kudumu ni kumwekea ikoni kwenye uso wa kompyuta, ili asiandike anwani kabisa. Ikiwa bado hujachagua jina la tovuti yako, jiepushe na majina yanayoishia na .local, kwa kuwa mwishilizo huo ulitengwa mwaka 2013 kwa ajili ya vifaa vinavyotafutana vyenyewe bila seva ya majina, na baadhi ya kompyuta na simu huchelewa au hushindwa kabisa kuipata tovuti yenye jina hilo. Mwishilizo .internal, ambao ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliutenga mwaka 2024 kwa mitandao ya ndani, ni salama zaidi.

Sababu ya pili, ambayo kwetu ni ya kawaida mno, ni saa ya kompyuta. Kulikuwa na kompyuta moja ya mezani katika chumba cha makarani ambayo kila umeme ukikatika usiku, asubuhi iliamka ikiamini kwamba ni Januari ya mwaka uliopita zamani. Kivinjari kilipoisoma tarehe hiyo na kuilinganisha na cheti cha usalama cha tovuti, kilikuta cheti bado hakijaanza kutumika, kikafunga mlango na kuweka onyo jekundu. Karani alikuwa ameshafundishwa na mtu kubofya "endelea hivyo hivyo", na hilo ndilo lililonisikitisha zaidi, kwa sababu aliyezoea kulipuuza onyo la tovuti ya ofisi atalipuuza pia siku atakapofikishwa kwenye tovuti ya matapeli. Nilifungua boksi la kompyuta na kuipima betri ile bapa mfano wa sarafu, yenye maandishi CR2032. Inapokuwa mpya hutoa volti 3, na hii ilikuwa imeshuka chini ya 2.5. Ilibadilishwa kwa dakika tano na malalamiko yakaisha. Katika ofisi zinazotumia Active Directory, yaani mfumo wa Windows unaosimamia akaunti za watumiaji wote, saa ina uzito zaidi: kwa mpangilio wa kawaida, kompyuta ikipishana na seva kwa zaidi ya dakika 5, mtu hukataliwa kuingia hata kama neno lake la siri ni sahihi.

Simu za mkononi zina maradhi yao. Mtu aliyewasha VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yake kwenye seva ya nje, huwa ametoka nje ya mtandao wa ofisi bila kujijua, japokuwa anaiona alama ya Wi-Fi ya ofisi juu ya kioo. Simu za Android zina pia mpangilio wa DNS ya faragha, DNS ikiwa ni huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ukiwekewa jina la mtoa huduma wa nje, simu itauliza majina ya tovuti huko nje, na huko hakuna anayeijua tovuti yako ya ndani. Jaribu kuifungua tovuti kwa anwani ya IP, yaani namba ya seva kwenye mtandao, badala ya jina. Ikifunguka kwa namba na kukataa kwa jina, umeshajua kwamba shida ni ya majina wala si ya njia.

Kuna pia yule anayefungiwa akaunti kila baada ya muda mfupi, ukimfungulia inafungwa tena. Muulize kama amebadilisha neno la siri hivi karibuni. Mara nyingi simu yake au kompyuta ya zamani bado inalo lile neno la kale na inaendelea kubisha hodi kwa ufunguo ambao haufai tena, mpaka mfumo unafunga mlango kwa wote wawili.

Chumba au ghorofa nzima haioni

Kaa kwenye kompyuta mojawapo na uangalie anwani yake ya IP kabla ya kufanya lolote jingine. Kwenye Windows ni amri ya ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta hiyo iliomba anwani na haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Maana yake ni kwamba kati yake na kifaa kinachogawa anwani pamekatika, na unapaswa kuufuata waya kwa mkono hadi kwenye swichi. Ikiwa anwani ni ile ya kawaida ya ofisi yenu, kwa mfano inaanza na 192.168 au 10, basi waya ni mzima na utafute mbele zaidi.

Ofisi zetu za pwani zina adui ambaye miongozo iliyoandikwa nchi kavu haimtaji, naye ni hewa ya chumvi. Vichwa vya waya wa mtandao vina vipande vidogo vya chuma ambavyo hupata ukoga, na dalili yake si kukatika moja kwa moja bali kukatika na kurudi: tovuti inafunguka asubuhi, inasita mchana, inarudi baada ya mtu kuutikisa waya. Chomoa kichwa, kitazame kwenye mwanga, na ukiona rangi ya kijani au weusi kikate na uweke kipya. Kukifuta kwa kitambaa ni kujidanganya kwa wiki mbili. Angalia pia urefu, kwani waya wa kawaida wa shaba haukukusudiwa kuvuka mita 100 kati ya swichi na kompyuta, na nimekuta mahali waya uliozungushwa nyumba nzima kwa sababu ya kukwepa kutoboa ukuta.

Kuhusu kuta, wenye ofisi ndani ya Mji Mkongwe wanalijua jambo hili kwa uchungu. Kuta za mawe na chokaa ni nene, zimejengwa ili kuzuia joto, na zinazuia Wi-Fi vile vile. Mji uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hakuna anayeruhusiwa kutoboa jengo la kale atakavyo. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi lakini hayapenyi ukuta kama yale ya gigahezi 2.4, hivyo mtumiaji aliye chumba cha pili akilalamika kwamba tovuti inakwama, mhamishe kwenye 2.4 kwa majaribio. Ikitulia, suluhisho ni kuweka kifaa cha Wi-Fi ndani ya chumba chake kwa waya unaopita mlangoni au kwenye ngazi. Kuongeza nguvu za kile kilicho ukumbini hakutasaidia, kwa sababu simu na kompyuta zenyewe hazitapata nguvu za kukijibu.

Hakuna hata mmoja anayeiona

Sasa ni zamu ya seva, na vile vile pale malalamiko yanapotoka kila upande ingawa tovuti haijafa yote. Kuna sababu tatu ninazozitazama kabla ya nyingine zote.

Ya kwanza ni mgongano wa anwani. Seva imepewa namba yake ya kudumu, lakini aliyeipa hakuitoa namba hiyo kwenye fungu linalogawiwa vifaa vya kawaida, kwa hiyo siku moja simu ya mgeni inapewa namba ile ile. Dalili ni ya kutatanisha, kwa kuwa wengine wanaiona tovuti na wengine hawaioni, na baada ya dakika chache hali inageuka. Jaribio lake ni rahisi na halina ubishi: chomoa waya wa mtandao wa seva, kisha kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao huo huo iite namba ya seva kwa amri ya ping. Ikijibiwa ilhali seva haina waya, kuna mwingine aliyevaa jina lake. Tenga namba za seva, printa na swichi mbali na fungu linalogawiwa, na uziandike mahali.

Ya pili ni diski iliyojaa. Hapa tovuti haifi yote. Kurasa zinasomeka, ila mtu hawezi kuingia kwa jina lake, hawezi kupakia faili, na fomu zinapotea zikitumwa, kwa sababu kusoma hakuhitaji nafasi na kuandika kunahitaji. Mkosaji huwa ni kumbukumbu za matukio ambazo hakuna aliyeziwekea kikomo, au nakala za akiba zinazohifadhiwa kwenye diski ile ile zinayoilinda. Hilo la mwisho ni kosa mara mbili, kwani diski ikifa inakufa na nakala zake.

Ya tatu ni umeme. Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na Pemba imeunganishwa na Tanga tangu 2010. Waliokuwepo hawajasahau mwaka 2008, kisiwa cha Unguja kilipokaa gizani karibu mwezi mzima, wala giza lililoanza Desemba 2009 na kudumu hadi Machi 2010. Tangu waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 uanze kazi mwaka 2013 hali imekuwa nyingine, lakini kinachoiumiza seva si urefu wa giza, ni ghafla yake. Hifadhidata iliyokatwa ikiwa katikati ya kuandika inaweza kuamka na majedwali yaliyoharibika, na dalili ni kwamba ukurasa wa mbele unafunguka lakini kila kinachotafutwa kinarudisha kosa la 500, yaani seva imekwama ndani yake yenyewe. UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, ipo ili seva ipate dakika chache za kujizima yenyewe kwa adabu, kwa hiyo iunganishe na seva kwa waya wake wa USB na uweke programu ya kuizima. UPS isiyozungumza na seva inaahirisha tu ajali ile ile. Umeme ukirudi, washa kwa mpangilio: swichi na ruta kwanza, kisha seva inayogawa anwani na majina, kisha hifadhidata, na tovuti mwisho. Tovuti ikitangulia kuamka kabla ya hifadhidata italalamika kwamba haiwezi kuifikia, na utapoteza saa nzima ukitafuta kosa lisilokuwepo.

Namba za makosa zinasema mengi kwa anayezisikiliza, kwa hiyo wafundishe watumiaji wakusomee namba badala ya kusema "imekataa". 404 ni anwani isiyokuwepo, na mara nyingi ni kiungo cha zamani baada ya ukurasa kuhamishwa. 401 ni kwamba mfumo haujui wewe ni nani, na 403 ni kwamba unajulikana lakini huna ruhusa. 401 hutibiwa kwa kuingia upya, 403 kwa kuongezwa kwenye kundi. 502 na 503 maana yake ni kwamba mlango uko wazi ila aliye nyuma yake hajibu, au amelemewa. 413 ni faili kubwa kuliko inavyoruhusiwa, na usishangae ikitokea kwa faili dogo tu, kwani Nginx, programu inayotoa kurasa, isipobadilishwa hupokea megabaiti 1 na PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, hupokea faili la megabaiti 2, na vikomo vyote viwili vinapaswa kuongezwa kwa pamoja.

Unguja inafunguka, Pemba inasota

Malalamiko haya ndiyo yanayopuuzwa zaidi, kwa sababu anayeitunza tovuti amekaa karibu na seva na kwake kila kitu kinafunguka kwa kufumba na kufumbua. Mwenzake wa Chake Chake anasubiri, anabofya tena, anasubiri, kisha anarudi kwenye simu na karatasi, na baada ya miezi michache tovuti inakuwa ya Unguja peke yake. Ninaomba kila mtunzaji wa tovuti asafiri hadi tawini akae kwenye kiti cha mtumiaji, japo mara moja kwa mwaka, na ikiwa nauli haipo, apunguze kasi kwenye kompyuta yake mwenyewe: vivinjari vya Chrome na Firefox vina sehemu ya wataalamu yenye kitufe cha kuiga mtandao wa polepole.

Chukua picha moja iliyopigwa kwa simu kwenye hafla ya ofisi, yenye uzito wa megabaiti 4, ikawekwa juu ya ukurasa wa mbele kama ilivyo. Megabaiti 4 ni megabiti 32. Kwenye njia ya megabiti 2 kwa sekunde, ambayo tawi dogo linaweza kuwa nayo, picha hiyo peke yake inahitaji sekunde 16 kwa hali bora kabisa. Wafanyakazi kumi wakiifungua kwa pamoja saa mbili asubuhi, inakuwa sekunde 160, karibu dakika tatu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutazama picha. Wamekuja kuchukua fomu. Picha hiyo ikipunguzwa hadi upana wa nukta 1,200 itashuka kwenye kilobaiti mia mbili hivi bila jicho kuona tofauti. Nyaraka zilizopigwa skani zina hadithi hiyo hiyo: mashine ikiwekwa kwenye nukta 600 kwa inchi badala ya 300, kila ukurasa unakuwa na nukta mara nne zaidi, na waraka wa kurasa kumi unageuka mzigo. Kwa barua za kawaida 200 zinatosha.

Upo uchawi mwingine unaowachanganya wengi: tovuti ya ndani inayokwama kila intaneti ya nje inapokatika. Watu husema haiwezekani, kwani seva iko humu humu. Inawezekana, kwa sababu aliyeipamba tovuti alinakili mtindo wa herufi, ikoni au kipande cha programu kutoka tovuti ya nje, na kila ukurasa unapofunguliwa kivinjari kinakwenda kwanza kuvitafuta huko, kinasubiri hadi kikate tamaa, ndipo kinaonesha kilichobaki. Fungua ile sehemu ya wataalamu ya kivinjari, tazama orodha ya vilivyoombwa, na ukiona anwani yoyote isiyokuwa ya seva yako, pakua kitu hicho na ukiweke nyumbani. Kazi hii ya mchana mmoja ndiyo iliyofanya tofauti kubwa kuliko zote katika tovuti niliyoikuta ikitumia herufi tatu za kigeni kupamba neno "Karibu".

Nimebadilisha, lakini wao hawaoni

Ukibadilisha rangi au menyu na watumiaji wakaendelea kuona ya zamani, kivinjari chao kinatumia nakala iliyowekwa akiba. Bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja, au fungua dirisha la faragha. Ikionekana mpya humo, sababu ni akiba hiyo. Usiwazungukie watu hamsini kuwabonyezea F5. Badilisha jina la faili la mitindo, au uliongezee namba ya toleo kila unapolirekebisha, na vivinjari vyote vitalichukua jipya vyenyewe.

Picha inayoonekana kwako tu na kwa wengine ni kisanduku chenye msalaba ina sababu tofauti. Soma anwani yake. Ikianza na "C:" au "file:", uliiunganisha na picha iliyo kwenye diski ya kompyuta yako, nayo itaonekana kwako daima na kwa mwingine kamwe. Viungo vya folda za pamoja vilivyoandikwa kwa namna hiyo pia hukataliwa na vivinjari vinapobofywa ndani ya tovuti, kwa sababu za usalama, kwa hiyo pakia waraka kwenye tovuti yenyewe. Ukurasa ambao mkubwa wa idara hauoni ilhali wewe unauona huwa umebaki rasimu, au umewekewa ruhusa ya wasimamizi peke yao. Kwa sababu wewe ni msimamizi, huwezi kuigundua hitilafu hiyo kwa macho yako. Jitengenezee akaunti ya pili isiyo na madaraka yoyote na uikague tovuti kwa hiyo kila unapomaliza kazi. Na mtu akiongezwa kwenye kundi jipya kwenye Windows, atoke kabisa kwenye kompyuta na kuingia tena, la sivyo atabaki na ruhusa za jana.

Juu ya menyu nitasema jambo moja. Usizipange kwa muundo wa idara. Mfanyakazi mpya hajui kama fomu ya likizo iko chini ya Utumishi au Utawala. Anajua kwamba anataka likizo. Andika "Omba likizo", na uiweke juu.

Maneno yetu, saa zetu na tarehe zetu

Programu hizi zimetengenezwa mbali, na Kiswahili huzibaini pale zisipotarajia. Mtumiaji mmoja aliniambia kwamba orodha ya vituo haina Ng'ambo, nami nikaiona kwa macho yangu ikiwa ipo. Sote wawili tulikuwa wakweli. Aliyeiingiza orodha aliiandika kwenye Word, ambayo huigeuza ile alama ya juu kuwa ya kupinda, ilhali mtafutaji aliandika iliyonyooka moja kwa moja kutoka kwenye kibodi. Kwa macho ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizohusiana. Chagua iliyonyooka, igeuze nyingine yote kwenye hifadhidata, na uiagize tovuti ibadilishe kila inapopokea maandishi. Ukiona badala yake "Ng’ambo", maandishi yalihifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, na yanasomwa kwa mfumo mwingine. Tangaza UTF-8 kwenye ukurasa na kwenye muunganisho wa hifadhidata, kwani kurekebisha upande mmoja hakutoshi.

Dalili ya tatu ya alama hiyo ni ya hatari, na ukiikuta acha kazi nyingine zote. Ikiwa fomu inapokea majina yote isipokuwa yenye ng', na kwa hayo inatoa kosa la 500, maana yake ni kwamba maandishi ya mtumiaji yanaingizwa moja kwa moja ndani ya amri ya hifadhidata, na alama ile inaikata amri katikati. Leo ni jina la mtaa tu, lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza kutumia ufa huo huo kusoma mishahara au kufuta majedwali. Usiwaambie watu waache kuandika ng'. Mwambie mtengenezaji atumie amri zenye nafasi maalumu za kupokea data.

Kivinjari kikiwauliza watumiaji kila mara kama wanataka ukurasa utafsiriwe, au programu ya kuwasomea wasioona ikisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, ukurasa umetangaza lugha isiyo yake. Weka lang="sw" mwanzoni mwa ukurasa.

Saa nazo zina kipimo kizuri. Tangazo lililowekwa saa mbili asubuhi likionesha 05:00, tofauti ni saa tatu kamili, na seva imeachwa kwenye majira ya UTC ambayo sisi tunayatangulia kwa saa tatu mwaka mzima. Irekebishe iwe Africa/Dar_es_Salaam. Kikao cha saa mbili asubuhi kikionekana kwenye kalenda kuwa 02:00, tofauti ni saa sita kamili, na seva haina kosa: mtu ameingiza saa ya Kiswahili kwenye kisanduku cha saa ya kimataifa. Andika pembeni ya kisanduku "saa 2:00 asubuhi ni 08:00". Sikukuu za Januari 12, Aprili 7 na Aprili 26 zinaweza kuwekwa mapema kwenye kalenda, lakini Idi zote mbili ziachwe ziingizwe kwa mkono mwezi ukishaandama.

Tarehe ilitugharimu zaidi. Fomu ya likizo ilikuwa na mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku, na wafanyakazi waliandika kwa desturi yetu, siku kwanza. Aliyeandika 20/01 alikataliwa, akalalamika, akasaidiwa. Aliyeandika 12/01 alipokelewa bila neno, na likizo yake ikaingia Desemba 1. Kwa hiyo kumbukumbu zilizokuwa na walakini ni zile tu ambazo siku yake haivuki 12, na kati ya hizo zile zenye siku na mwezi sawa, kama 4/4, zilikuwa salama. Tulibadilisha kisanduku kikawa cha kuchagua siku, jina la mwezi kwa herufi, na mwaka, na ndani ya hifadhidata tarehe ikahifadhiwa kwa mwaka, mwezi, siku. Kumbukumbu za zamani hazikuweza kusahihishwa na kompyuta, kwani kompyuta haikujua mtu alikusudia nini. Nilirudi masjala, na yule mama akashusha kutoka rafuni jalada la fomu za karatasi alizoendelea kuzipokea kimya kimya miezi yote ile. Tulikaa siku mbili, yeye akisoma tarehe na mimi nikirekebisha.